Mama ataweza kufika ukingoni mwa korongo la Jabal Shams?

*Swali la msomaji: "Assalamu alaykum ami, na shikamoo. Naandika kutoka Tanga. Januari inshallah tunakuja Muscat kumtembelea dada yangu aliyeolewa huko. Tutakuwa mimi, mwanangu wa kiume wa miaka 9, na mama. Mama ana miaka 63, kila siku anakwenda shamba kwa miguu, ila goti moja linamsumbua akipanda. Nimeona picha za lile korongo la Jabal Shams na nimeambiwa ipo njia rahisi ya kwenda kulitazama bila kupanda mlima. Ni rahisi kweli au ni maneno ya watu? Tunahitaji mtu wa kutuongoza? Gari ya shemeji ni ndogo, ya chini. Dada anasema kule ni jangwa tupu, tutakufa na jua. Na mama havui baibui, sijui itakuwaje."*

Waalaykumu ssalam, na marahaba mwanangu. Karibuni Oman, na msalimie sana bi mkubwa.

Nianze na lile kubwa. Njia ipo, ni rahisi kweli, na mtu anayekwenda shamba kila siku ana miguu ya kuimaliza. Goti lake halinitishi sana. Ninachotaka ukipime kabla hamjaondoka ni macho yake: akisimama mahali parefu na kutazama chini, anakuwaje? Nimepeleka wageni kule kwa miaka mingi, na wale walioniambia "ami, turudi" karibu wote walikuwa na pumzi na nguvu za kutosha. Macho yaliona shimo, kichwa kikakataa, na miguu ikafuata kichwa.

Kwanza mjue mnakwenda wapi. Jabal Shams ni Mlima wa Jua, mrefu kuliko yote Oman, kiasi cha mita 3,000 kwenda juu, katika safu ya milima ya Hajar. Ubavuni mwake maji yamekata korongo ambalo kina chake kinafika kama kilomita moja. Wenyewe huliita Wadi Nakhr, na kwa kuwa mdomo wake uko kijiji cha Ghul, wengine husema Wadi Ghul. Usishtuke kusikia "wadi" kila dakika, si ile ya hospitali. Ni bonde la mto ambao siku nyingi za mwaka unaweza kutandika mkeka katikati yake, na siku ya mvua unabeba magari.

Dada yako hakukosea kusema ni jangwa, ila nadhani kichwani ana mchanga na ngamia. Mchanga upo upande wa Sharqiya, safari nyingine kabisa. Huku ni jangwa la mawe. Mvua ni chache, miti ni ya kuhesabu, mingi ni migumu midogo midogo ambayo mbuzi wameipunguza mpaka pale shingo zao zinapofika. Kwa Januari jua halitakuueni. Mkijisahau mtapata baridi kabla ya joto, maana usiku kule juu unaweza kukaribia sifuri, na asubuhi upepo unapita kwenye mifupa. Watu wa pwani wakiambiwa "Arabuni" wanafungasha nguo za Kariakoo, halafu saa mbili asubuhi nawakuta wamejifunga mataulo ya hoteli.

Sasa njia yenyewe. Inaanzia kijiji kidogo cha Al Khitaym, mwisho wa barabara, kwenye urefu wa kama mita 1,900. Ni juu kidogo kuliko Nairobi, kwa hiyo habari za kukosa hewa zisiwasumbue. Inaishia As Sab, kijiji kilichohamwa. Kwenda tu ni kilomita tatu na nusu hivi, haifiki nne. Mwendo wa wastani ni saa moja na nusu mpaka mbili, na kwenda na kurudi, pamoja na kupumzika na picha, weka saa nne. Kwenye vibao imeandikwa W6, na mawe yamepakwa alama ya rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Ukitembea dakika tano hujaiona alama, rudi ulikotoka, umefuata njia ya mbuzi.

Wageni wameipa jina la roshani, na safari hii wamepatia. Unaijua roshani ya nyumba za Unguja, ile inayotokeza nje ya ukuta ghorofani, mtu anakaa na kahawa yake anatazama wapita njia. Hii ni hiyo hiyo, imechongwa na maji na upepo kwenye genge la mawe. Upande mmoja una ukuta wa mwamba, upande wa pili hewa. Tofauti ni kwamba roshani ya Unguja ina mbao za kuzuia, na hii haina hata kamba.

Ndiyo maana nasema ni rahisi. Ukienda Kilimanjaro unaanzia chini na raha iko juu, kwa hiyo aliyerudi katikati karudi mikono mitupu. Hapa gari limekwisha kukupandisha. Korongo liko chini yako tangu mwanzo, na njia inakwenda karibu sawa, inashuka kidogo, inainuka kidogo. Aliyetembea dakika ishirini na aliyefika mwisho wote wameliona. Mkubaliane hivyo nyumbani kabla ya safari, kwa sauti, na mtoto asikie: siku hiyo hakuna kufika wala kutofika. Mkiacha hilo bila kusemwa, mama atajikaza kwa ajili yenu, nanyi mtajikaza kwa ajili ya nauli mliyotoa.

Nikwambie kisa kimoja. Nilikuwa na mgeni, mwanamume wa makamo, mifupa mizima, aliyewahi kufika kilele cha Uhuru. Alitembea mbele yangu akipiga hadithi mpaka tulipozunguka kona ambapo njia inabana na korongo linafunguka lote kwa pamoja. Hadithi ikakatika. Nikamwona ameegemea ukuta, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye jiwe kama mtu anayezuia mlango. Ananiambia kwa upole kabisa, "Siwezi kusogea." Hakuwa anatania. Nilimgeuza taratibu uso kwa mwamba, nikampa kamba ya begi langu ashike, nikamwambia atazame visigino vyangu tu, asitazame kingine. Tulirudi hivyo robo saa nzima. Alipofika penye upana alikaa chini, akanywa maji, kisha akacheka mpaka machozi. Kilimanjaro, aliniambia, hakikuwahi kumwonyesha shimo, mlima wote ulikuwa chini ya miguu yake.

Basi mama mpimeni kabla. Mkishapita Ghul na kupanda mpaka juu, kabla ya Al Khitaym, kuna mahali pa kutazamia kando ya barabara penye uzio wa chuma. Simameni hapo. Mpelekeni taratibu, msimshike, msimwambie kitu. Akishika chuma, akachungulia, akaanza kuuliza maswali ("kule chini ni nini kile?"), nendeni mkatembee, hana shida. Akisimama hatua tatu nyuma na kusema "naona hapa hapa panatosha", basi panatosha kweli. Mtandikieni mkeka mbali na ukingo, mmwachie chai na mtu wa kukaa naye. Korongo atakaloliona pale ni lile lile. Na wewe jipime pia. Mara nyingi binti ana wasiwasi na mama yake kumbe mwenye kizunguzungu ni yeye.

Mkiwa mmeamua kwenda, hivi ndivyo itakavyokuwa. Mtaacha gari Al Khitaym, penye nyumba chache za mawe na mabanda ya mbuzi. Akina mama na watoto watawajia na vikuku na vishikio vya funguo vilivyosukwa kwa sufi ya mbuzi. Nunueni hata kimoja. Ufumaji ni kazi ya zamani ya mabonde haya, na mazulia yao ya nyekundu na nyeusi yanajulikana Oman nzima. Mbuzi nao watawajia, kwa nia tofauti. Mbuzi wa Al Khitaym amezaliwa na kulelewa na mabegi ya wageni, anajua sauti ya karatasi ya biskuti kutoka mbali, na hana haya. Nimeona mmoja akila ramani.

Njia inateremka taratibu, ina mawe madogo yanayobiringika chini ya kiatu. Hapa ndipo goti litakapozungumza kidogo, kwa sababu kushuka kwenye kokoto kuna kujizuia. Mpeni fimbo. Fimbo ya kawaida ya shamba inafaa kuliko zile za kukunja za madukani ambazo mtu hajazizoea. Aishike mkono wa upande wa mwamba, asiegemee upande wa hewa. Baada ya hapo ardhi inakaa sawa na njia inakuwa pana, mahali pengi watu wawili wanapishana bila kugusana. Sehemu zinazobana zipo, ila si ndefu, na hakuna mahali panapotaka kutumia mikono. Hii ilikuwa njia ya punda. Watu wa As Sab waliipita na mizigo, na punda akiwa na magunia mbavuni anahitaji nafasi kuliko bi mkubwa na baibui lake.

Mtoto ndiye wa kuangaliwa. Wa miaka 9 hana woga na hana subira, na vyote viwili ni vibaya kwenye roshani isiyo na ubao. Kanuni yangu ni moja na haina mjadala: mtoto atembee upande wa mwamba, mkubwa awe upande wa korongo, mkono umeshikwa. Mkikutana na watu au mbuzi, ninyi mnasogea kwenye ukuta na kusimama, wao wapite nje. Hata kama ni wazungu wana haraka, wao wapite nje. Na picha hupigwa umesimama. Mtu anayetembea huku anatazama skrini, akirudi kinyumenyume ili mlima wote uingie, huyo simpeleki tena. Kurusha mawe chini ni marufuku kabisa, hata kijiwe. Chini wapo watu na mifugo.

Ila mpe kazi. Mwambie atafute tai anayeruka chini yake. Nyumbani ndege anamwona tumbo, hapa atamwona mgongo, mabawa yametanda, anaelea bila kupiga hata mara moja. Wapo tai weupe wenye uso wa njano na kingo nyeusi za mabawa, hao ni wenyeji. Mwambie pia akague mawe ya kijivu yaliyolala ovyo huko juu. Mlima huu ni chokaa iliyojilaza tabaka juu ya tabaka chini ya bahari ya joto, enzi za madinosauri, kabla ardhi haijainuliwa na maji ya mvua kuikata. Ukutani mwa korongo tabaka zinaonekana wazi kama chapati iliyokunjwa vizuri. Na kwenye baadhi ya mawe zipo alama za makombe. Mtoto wa Tanga akikuta kombe la bahari limegeuka jiwe karibu mita 2,000 juu ya bahari, hutasikia tena "tumechoka".

As Sab ndipo napapenda zaidi. Ni kijiji kilichoachwa miongo kadhaa iliyopita, watu walipohamia palipo na shule na barabara. Usitarajie mji. Ni vyumba vya mawe vilivyopachikwa chini ya mwamba unaotokeza, kiasi kwamba mlima wenyewe ndio dari na ndio ukuta wa nyuma, fundi alijenga upande wa mbele tu. Chini yake kuna mashamba ya ngazi, vipande vyembamba vilivyozuiliwa kwa kuta za mawe yasiyo na saruji, kimoja juu ya kingine mpaka pale ambapo ardhi inakatika. Mama yako akiwa amefika Lushoto na kuona matuta, ataelewa kwa sekunde moja walichokuwa wakifanya, kuliko nitakavyomweleza mgeni wa mjini kwa nusu saa. Nilimpeleka bibi mmoja wa Pemba, alikaa juu ya jiwe akatazama yale mashamba kimya, halafu akauliza: "Na udongo waliubeba kutoka wapi?" Sijawahi kuulizwa swali zuri kama lile pale.

Walikaa hapo kwa sababu ya maji. Juu ya kijiji kipo kidimbwi kinachotiririkiwa kutoka mwambani. Kukifikia kunataka kupanda kwa mikono na miguu, basi mwacheni mama apumzishe goti. Mtaona pia nyaya za chuma zimefungwa ukutani. Hiyo ni njia ya wapanda miamba wenye mikanda na kofia ngumu. Mwanao atataka. Jibu ni hapana.

Kurudi ni njia ile ile, na kile mlichoshuka asubuhi sasa mtakipanda, mkiwa mmechoka na jua limepanda pia. Mpando huo sio mrefu. Lakini goti linalosumbua likipanda litakumbuka hapo, mwishoni kabisa, kwa hiyo lisimaliziwe nguvu As Sab. Ningekuwa mimi na mama yangu, ningepiga hesabu ya saa moja kwenda, popote itakapotufikisha, tukakae, tunywe chai, turudi. As Sab ningewaachia wewe na mtoto na shemeji kama mnataka kuendelea, mama akabaki na dada yako mahali papana.

Kuhusu kuongozwa: sheria hailazimishi, na njia haipotezi. Utasema ami anavutia biashara, lakini nakupa hesabu tu. Mtoto mmoja anahitaji mkono wa mtu mzima mmoja. Mama mwenye goti anahitaji mkono wa mwingine. Wewe na shemeji mkiwa wote wawili na hakuna aliyeogopa ukingo, mmekamilika. Mkiwa pungufu, au shemeji ndiye aliyebandika viganja ukutani, mtahitaji mtu wa tatu, na hapo mwenyeji anayeijua njia ana thamani ya riali zake.

Tuje kwenye gari, maana hapa naona hatari kubwa kuliko korongo. Kutoka Muscat mnafuata barabara kuu ya Nizwa, lami safi, kama saa moja na nusu. Mnaendelea mpaka Al Hamra, mjaze mafuta hapo, kisha Ghul. Kwa jumla kutoka Muscat mpaka juu ni kama saa tatu, zaidi mkisimama. Simameni Ghul. Ng'ambo ya wadi utaona magofu ya kijiji cha zamani, mawe yale yale ya mlima, mpaka uyatazame mara ya pili ndipo madirisha yajitokeze, na chini yake bustani za kijani za mitende. Kisha barabara inaanza kupanda kwa kona, na kuna kipande cha changarawe chenye mabati, yale mawimbi yanayotikisa meno. Gari ndogo huiona huko juu, sikatai. Lakini mara yangu ya kwanza kabisa nilipanda na gari ndogo ya kukodi, na kwenye kushuka nilikanyaga breki mfululizo kama niko Darajani. Nusu ya njia zikaanza kunuka, mguu ukazama, na moyo nao. Nilisimama saa nzima kandokando nikisubiri zipoe. Mkataba, nilipousoma jioni, ulisema wazi kwamba bima haifanyi kazi nje ya lami. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo fanyeni moja kati ya mawili. Shemeji aazime au akodi gari la juu linalovuta magurudumu yote manne, na kushuka atumie gia namba moja au mbili, injini ndiyo izuie gari. Au iacheni hiyo gari ndogo Al Hamra, mkodi mwenyeji mwenye gari lake awapandishe na kuwashusha. Hilo la pili linanipendeza zaidi kwenu, maana mtakuwa mmelala jirani. Msitoke Muscat alfajiri na kurudi usiku huo huo mkiwa na mtoto na mzee. Laleni Al Hamra, au Misfat al Abriyeen, kijiji cha mawe juu yake kidogo, ambako maji ya falaji, yaani mfereji wa kumwagilia, yanapita kati ya migomba. Migomba, ndiyo. Mama atajisikia kwao. Na msishangae mkisikilizwa Kiswahili mkiwa mnadhani mnasengenya kwa siri. Huku bara ya Oman nyumba nyingi zina mzee aliyezaliwa Unguja, Pemba au Tabora. Waabri wa kwenu asili yao ni Al Hamra hapo, na Wariyami ni wa Jabal Akhdar, mlima wa jirani. Kama ukoo wenu una jina la namna hiyo, ulizeni, mnaweza kualikwa chakula kabla hamjafika korongoni.

Siku yenyewe, muwe mmeanza kutembea saa tatu asubuhi. Jua la Januari huchwa kabla ya saa kumi na mbili jioni, na nataka muwe mmeshuka zile kona kukiwa na mwanga. Kila mkubwa abebe lita mbili za maji, mtoto lita moja na nusu, na mengine yabaki garini. Njiani hakuna duka, hakuna bomba, na kivuli ni cha kubahatisha. Choo pia hakuna, basi mambo hayo yamalizwe kabla. Chapati, mayai ya kuchemsha na tende vinatosha. Tende zimewalisha watu wa milima hii tangu zamani, hazivuji begini, na mbuzi hawazisikii harufu mbali. Kofia, na mafuta ya kukinga jua hata kwa sisi weusi, maana mwamba wa chokaa unarudisha mwanga usoni. Adhuhuri ikiwakuta njiani, kibla kiko magharibi, na mahali papana pa kusimama watu wanne pasipo karibu na ukingo pako pengi. Simu muwe nayo iliyojaa chaji lakini msiitegemee. Namba ya dharura ya Oman ni 9999.

Mvua ndiyo ya kuahirisha safari. Hata manyunyu. Chokaa ikilowa inateleza kama sabuni, mawe hulegea juu ukutani, na pale Ghul wadi inaweza kushuka na maji yaliyonyesha mahali ambapo hamkuyaona kabisa. Mkikuta maji yanavuka barabara msiyaingie, hata shemeji akisema ni ya vifundoni. Polisi wa hapa wanalitoza faini jambo hilo na hawana mzaha nalo. Siku ya mawingu mazito bakini Nizwa. Ikiwa Ijumaa asubuhi mtakuta mnada wa mbuzi, na mtoto ataona mbuzi wasiokula mabegi.

Limebaki baibui. Asilivue, hakuna haja. Ila lisiwe refu la kuburuza, maana mguu ukikanyaga upindo kwenye kokoto mtu anakwenda mbele. Lipandishwe liishie juu ya kifundo, ndani avae suruali nene au soksi ndefu, juu sweta. Mtandio afunge kwa pini, mbili au tatu, kwa sababu kwenye zile kona upepo unatoka chini, unapanda ukutani, na unaingia ndani ya nguo kama mwizi. Nimeushuhudia mtandio wa watu ukielea juu ya Wadi Nakhr kwa dakika kumi kabla haujapotea, na mwenyewe karudi amejifunika taulo. Makubadhi ayaache kwa dada yako. Mnunulie raba za kufunga kamba zenye meno chini, lakini mnunulie sasa, Tanga, aende nazo shamba wiki mbili, ili malengelenge yatokee na kupona huko huko kabla hajapanda ndege.